Kodingi ya hospitali au kubaki kwenye zamu: piga hesabu kabla hujalipia kozi

Mama yangu aliposikia nimepata kazi ya kodingi aliwatangazia majirani Tanga kwamba mwanawe ameajiriwa na watu wa kodi wa Marekani. Nilimsahihisha mara tatu, ya nne nikaacha. Basi kwa wasiojua: kodingi ni kusoma faili la mgonjwa baada ya daktari kumaliza kazi yake, kisha kugeuza kila ugonjwa na kila huduma aliyopewa kuwa msimbo wa herufi na tarakimu. Bima hailipi maelezo, inalipa misimbo. Anayeiweka ndiye koda.

Huku Houston kazi hii imekuwa gumzo la harusini na msibani. Anayenipigia simu mara nyingi ni CNA, msaidizi wa manesi, aliyechoka mgongo, ndiyo kwanza ametoka zamu ya usiku, na ameona tangazo: kozi ya miezi minne, dola 80,000 kwa mwaka, unafanya kazi sebuleni na kanga yako kiunoni. "Dada, hii kitu inalipa kweli?" Inalipa. Ila haimlipi kila mtu, haiharakishi kulipa, na wapo niliowashauri waiache kwa sababu ingewashusha.

Kigezo changu nakitaja mapema. Mshahara wa koda hufuata kiasi cha pesa kinachosogezwa na msimbo anaouweka. Cheti kina nafasi yake, mji una nafasi yake, miaka ya kazi pia. Lakini ukitaka kujua kwa nini koda mmoja analipwa dola 22 kwa saa na mwenzake 38, na wote wamekaa kwenye kiti cha aina moja, uliza kwanza ni pesa kiasi gani inapita mikononi mwao.

Saa kwa saa, halafu wiki kwa wiki

Ofisi ya takwimu za kazi ya Marekani, BLS, ilitoa mishahara ya katikati kwa Mei 2024, yaani ile ambayo nusu ya wafanyakazi wako juu yake na nusu wako chini. CNA alikuwa kwenye dola 39,530 kwa mwaka, ambayo ni 19 kwa saa. Wataalamu wa kumbukumbu za matibabu, kundi ambalo makoda wamo, walikuwa kwenye 50,250, yaani 24 na senti kidogo kwa saa. Nesi wa LPN, ngazi iliyo chini ya nesi aliyesajiliwa, 62,340, karibu 30 kwa saa. Nesi aliyesajiliwa, RN, 93,600, saa moja dola 45. Na kwa mashemeji wanaouliza kwa niaba ya wake zao huku wameshika usukani: dereva wa lori kubwa alikuwa kwenye 57,440, kwa hiyo msiringe sana, LPN anawapita.

Kundi hilo la makoda limechanganya watu. Mle ndani yumo anayepanga mafaili na anayewatolea mawakili nakala, kwa hiyo koda mwenye cheti na uzoefu huwa juu ya namba ile ya katikati. Ila tazama na ncha zake. Asilimia 10 ya chini hawafiki hata dola 36,000. Asilimia 10 ya juu wamevuka 80,000. Lile tangazo limechukua namba ya mtu wa juu kabisa likaibandika mlangoni pa kuingilia.

Ukiishia hapo utasema kodingi imeishinda kazi ya CNA kwa dola 5 kila saa, mjadala umefungwa. Lakini watu wetu wanaishi kwa cheki. Mdogo wangu mmoja anayekaa Katy analipwa dola 20 kwa saa na anapiga saa 52 kwa wiki. Saa 40 za kwanza ni dola 800. Zile 12 za ovataimu zinalipwa mara moja na nusu, dola 30 kila moja, ambazo ni 360. Jumla 1,160 kwa wiki kabla ya makato. Sasa mtoe hapo umweke kwenye kazi ya kwanza ya kodingi. Wanaoanza niliowaona mimi hapa Texas walipewa kati ya dola 18 na 22, na ovataimu ni ya kubahatisha, hutolewa mafaili yakirundikana. Tuseme amepata 21. Kwa saa 40 cheki yake ni 840. Kila wiki ameshuka dola 320, na wala kodi ya nyumba haijui kama amebadilisha kazi, wala ada ya mtoto wa dada yake aliyeko Moshi.

Upande wa pili wa mizani ni mgongo wake. Saa 52 hizo ni za kuinua na kugeuza watu wazima kitandani, na kiwango cha CNA wa mwaka wa kumi hakimzidi sana wa mwaka wa pili. Kodingi ina ngazi ndefu zaidi, ila zile za kwanza zimepakwa sabuni.

Herufi moja

Mlango wa wengi ni CPC, cheti cha AAPC, chama chenye makao Salt Lake City kilichoanzishwa mwaka 1988. Mtihani ni maswali 100 kwa saa 4, unafaulu kwa asilimia 70, na unaruhusiwa kuingia na vitabu vyako vya misimbo. Visikudanganye. Asiyejua ukurasa ulipo, kitabu kinamlia muda tu. Ada ya mtihani imevuka dola 400, uanachama unazidi 200 kwa mwaka, na vitabu ni vitatu: ICD-10-CM cha magonjwa, CPT cha huduma za daktari, na HCPCS cha dawa na vifaa. Hivyo hununuliwa vipya kila mwaka. Juu yake weka kozi yenyewe. Yangu ilinigharimu karibu dola 3,000, nililipa kwa miezi kumi.

Ukifaulu bila uzoefu unapewa CPC-A. Hiyo A ni ya mwanagenzi, na haitoki mpaka ulete barua mbili za kuthibitisha miaka 2 ya kazi ya kodingi, au barua ya mwaka mmoja pamoja na uthibitisho wa saa 80 za masomo. Tatizo unaliona. Matangazo mengi ya kazi yanataka mtu asiye na A, na A haitoki bila kazi. Nimekaa nayo mwaka na miezi saba.

Niliingilia kwenye kampuni moja ya mkataba, jina nalihifadhi, iliyonihesabia kwa faili badala ya saa. Kwenye simu waliniambia mtu mwepesi anafikisha dola 25 kwa saa. Hawakusema mafaili yenyewe yana kurasa ngapi. La kwanza nililofungua lilikuwa na kurasa 412, nyingi ni faksi zilizolala ubavu, na mwandiko wa daktari kama njia ya siafu. Wiki ile niligawa malipo kwa saa nikapata dola 11 na senti. Nilikuwa nimeacha dola 18 za kulea wazee. Sikumwambia mtu nyumbani.

Kwa hiyo ukiambiwa kiwango cha kwa faili, uliza kurasa. Wakishindwa kujibu, wamekujibu.

Njia nyingine za kuvuka miaka hiyo zipo na hazina sifa: dawati la bili, kufuatilia madai yaliyokataliwa na bima, mapokezi ya kliniki. Nawashauri wengi waanzie huko, hasa kwenye madai yaliyokataliwa. Ukishapokea mia za barua za bima zinazosema kwa nini hazilipi, unajua kodingi kwa njia ambayo hakuna kozi inaifundisha.

Dola 40 upande huu, dola elfu kadhaa upande ule

Hapa ndipo ulinganisho wenyewe ulipo, na ndipo watu wengi hawafiki kwa sababu wameshaishia kwenye jina la cheti. Kuna koda wa wagonjwa wa nje na kuna koda wa wagonjwa waliolazwa. Kwa asiye ndani ni kazi moja.

Chukua mgonjwa wa nje. Mzee amekuja kliniki, ana kisukari cha aina ya 2, ana presha, na figo zimefika hatua ya 3. Daktari ameviandika vitatu kwenye mistari mitatu. Koda mchanga ataweka E11.9, I10 na N18.30, atafunga faili. Amekosea mara mbili. Mwongozo wa ICD-10-CM unataka uchukulie kwamba kisukari na ugonjwa wa figo vimeshikana, na presha na ugonjwa wa figo vimeshikana, isipokuwa daktari aseme wazi kuwa havihusiani. Jibu ni E11.22, I12.9, na N18.30. Kisha unachagua msimbo wa ziara yenyewe: 99213 au 99214, kwa kupima uzito wa maamuzi ya daktari au muda alioutumia, ambao kwa 99214 unaanzia dakika 30. Medicare, bima ya serikali ya wazee, hulipa karibu dola 90 kwa ule wa kwanza na karibu 130 kwa wa pili. Ujuzi wako wote wa dakika zile umesogeza dola 40.

Sasa mgonjwa aliyelazwa. Mama wa miaka 71 ameletwa na homa, presha imeshuka, mkojo una maambukizi, na damu imeotesha bakteria wa E. coli. Daktari kaandika sepsisi, yaani mwili umezidiwa na maambukizi. Ukurasa mwingine, siku ya pili, kaandika figo zimeshindwa ghafla. Baada ya siku sita mgonjwa karuhusiwa, faili limefika kwangu. Sepsisi yake ni A41.51. Figo ni N17.9. Je, figo zimeshindwa kwa sababu ya ile sepsisi, au kwa sababu mama alikuwa hajanywa maji siku tatu? Faili halisemi, na hapa mwongozo hauruhusu kukisia, unakuambia umuulize daktari. Namtumia swali la maandishi, na swali lenyewe haliruhusiwi kumwelekeza kwenye jibu: namwekea dalili na vipimo, namwomba aeleze chanzo, na chaguo la "haiwezi kubainika" nalo liwemo. Akijibu kuwa ni sepsisi, unaongezeka msimbo R65.20, sepsisi kali. Msimbo huo mmoja unalihamisha faili zima kutoka kundi la malipo la DRG 872 kwenda 871, na uzito wa 871 ni karibu mara mbili ya 872. Kwa hospitali ni dola elfu kadhaa kwa mgonjwa mmoja, kwa swali la mistari minne.

Akijibu ni upungufu wa maji, faili linabaki 872 na unaendelea na kazi. Atakayeongeza R65.20 bila jibu la daktari anaitafuta sheria ya madai ya uongo, iliyotungwa tangu 1863 enzi za Lincoln na mpaka leo ina meno.

Ndiyo maana koda wa waliolazwa analipwa zaidi. Mfumo huu wa DRG Medicare iliuanza mwaka 1983, na tangu hapo hospitali zimekuwa tayari kumlipa vizuri mtu asiyekosea. Anahitajika pia kujua ICD-10-PCS, misimbo ya upasuaji yenye nafasi saba, kila nafasi na maana yake. Mtu wa kliniki hauhitaji kabisa. Katika timu niliyomo sasa, makoda wa wagonjwa wa nje wamesimama kati ya dola 24 na 29, wa waliolazwa kati ya 31 na 38. Tuko kwenye programu moja na kikao cha Jumatano kimoja.

Kazi nayo haifanani. Wa nje anapimwa kwa wingi: mafaili mengi, mafupi, saa nzima unabofya. Wa waliolazwa anafanya mawili matatu kwa saa, mengine yanamchukua asubuhi nzima. Kote wanadai usahihi wa asilimia 95 na mkaguzi anapita nyuma yako. Wapo wanaopenda mwendo wa haraka. Mimi faili refu linanipa raha ninayoona aibu kuieleza.

CPC au CCS

Baada ya hayo, swali la cheti linajijibu nusu. CPC imeelekea kliniki na ofisi za madaktari. CCS hutolewa na AHIMA ya Chicago, chama cha tangu 1928, na inapima pande zote mbili, pamoja na kesi kamili unazoziwekea misimbo mwenyewe. Ada yake kwa asiye mwanachama ni karibu dola 400. Kukitunza cheti nako kuna tofauti: CPC inadai saa 36 za masomo kila miaka miwili, CCS inadai 20.

CCS haina herufi ya mwanagenzi. Umefaulu, umefaulu. Kwa hiyo mbona watu hawaanzi nayo? Kwa sababu ni ngumu kwa mtu ambaye hajagusa faili la mgonjwa aliyelazwa, na nimewaona walioianza kwa pupa wakafeli mara mbili na kurudi CPC na mfuko mtupu. Lakini kuna watu ambao ningewapeleka moja kwa moja huko: tabibu kutoka Mwanza, nesi aliyefanya kazi wodini Nakuru, daktari kutoka Bukavu ambaye leseni yake huku ni karatasi ya kumbukumbu. Hao wanasoma matokeo ya damu kama wengine wanavyosoma bei sokoni. Kumwanzisha daktari kwenye misimbo ya ziara za kliniki ni kumtuma nahodha akavushe watu kwa mtumbwi.

Na kwao kuna ngazi ya tatu ambayo matangazo hayaitaji: wale wanaopitia mafaili mgonjwa akiwa bado kitandani, wakimuuliza daktari maswali kabla hajasahau. Kazi hiyo huitwa CDI. Hospitali nyingi huwapa manesi wa RN, na baadhi huchukua madaktari waliosomea nje. Inalipa kuliko kodingi ya kawaida, na sababu ni ileile, msimbo unaosogea hapo ndio mzito.

CRC, cheti cha misimbo ya hatari kwa mipango ya Medicare Advantage, ile Medicare inayoendeshwa na kampuni binafsi za bima, nakitaja kwa tahadhari. Kazi zake nyingi ni za nyumbani na ni za msimu. Yale mafaili yangu ya kurasa 412 yalikuwa ya huko.

Mwajiriwa au mkataba

Utapewa siku moja ofa mbili: dola 28 kama mwajiriwa, au dola 34 kama mkandarasi anayejilipia kodi mwenyewe. Vijana wanarukia 34. Tuhesabu.

Mwajiriwa analipwa saa 2,080 kwa mwaka, likizo na sikukuu zikiwemo: dola 58,240. Anakatwa asilimia 7.65 ya mafao ya uzeeni na Medicare, anabaki na 53,785. Mkandarasi halipwi siku asizofanya. Mpe siku 23 za kupumzika, sikukuu na kuugua mafua, saa zake ni 1,896, malipo ni 64,464. Yeye anabeba pande zote mbili za makato, asilimia 15.3 ya sehemu kubwa ya pesa hiyo, ambayo ni kama dola 9,100. Anabaki na 55,356. Tofauti ya mwaka mzima, kabla ya kodi ya mapato, ni dola 1,571. Bima ya afya ya kujinunulia, kwa mtu mwenye watoto wawili, inaimeza hiyo kabla mvua za Aprili hazijaisha.

Mkataba una maana kwa aliyebebwa na bima ya mwenza wake, au anayeufanya wikendi juu ya ajira. Wa namna hiyo nawajua wawili na wanafanya vizuri.

Mashine

Hakuna simu inayokatika bila swali hili. Programu za kupendekeza misimbo zipo siku nyingi, na sasa zipo zinazoweka misimbo zenyewe bila mtu, hasa picha za eksirei, maabara, na ziara za dharura zilizo rahisi. Kazi hizo ndizo zilikuwa darasa la wanagenzi. BLS bado inakadiria kundi hili kukua kwa asilimia 7 kati ya 2024 na 2034, na mimi naona ukuaji huo utawafaa walioko kwenye mafaili magumu na ukaguzi kuliko wanaoingia leo. Anayeingia aingie akijua mlango unazidi kuwa mwembamba.

Kama uko Nairobi, Dar au Dubai

Kuna wanaoniuliza kama kodingi ni njia ya visa. Msiwekeze pesa yenu kwa tumaini hilo. Nesi wa RN yumo kwenye orodha ya serikali ya Marekani ya kazi zenye upungufu, hivyo mwajiri wake anarukishwa hatua ya kuthibitisha kuwa amekosa Mmarekani wa kuifanya. Foleni yake ni ndefu, ila ipo. Koda hayumo.

Kuifanyia Marekani kodingi ukiwa nyumbani inawezekana, India na Ufilipino wameijenga biashara hiyo kwa miaka. Kinachobana ni kwamba majimbo kadhaa hayaruhusu taarifa za wagonjwa wa Medicaid, bima ya serikali ya wenye kipato kidogo, kupelekwa nje ya nchi, na waajiri wengi wanaandika kabisa kwamba ufanyie kazi ndani ya Marekani. Kwa malipo ya nyumbani kwenyewe, kigezo changu kinashika vilevile. SHA ya Kenya, bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, na NHIF ya Tanzania hulipa hospitali kwa bei zilizopangwa kwa huduma. Msimbo wa ugonjwa hausogezi pesa kama DRG inavyosogeza, kwa hiyo aliyesomea kumbukumbu za afya KMTC, chuo cha tiba cha Kenya, anaajiriwa kama mtu wa takwimu na kumbukumbu, na analipwa hivyo.

Ghuba ni habari tofauti kidogo. Dubai na Abu Dhabi wanatumia ICD-10-CM na CPT zilezile za Marekani, hivyo CPC yako inaeleweka kwa mwajiri wa huko. Saudia wamechukua ICD-10-AM ya Australia. Wakala atakayekuuzia kozi ya CPC kwa ahadi ya kazi Riyadh, mwulize atakufundisha misimbo ya nchi gani.

Wawili walionipigia mwezi huu

Mdogo wangu wa Katy, yule wa cheki ya 1,160, nilimwambia aende LPN. Ana miaka 29, mgongo bado unamtii, hana tatizo na damu, na chuo ni kama mwaka mmoja. Akimaliza anakwenda kwenye karibu dola 30, ambako kwa njia ya CPC angefika baada ya miaka mitano sita, kama angefika. Alinuna kidogo, alishaipenda ile picha ya kanga sebuleni. Nikamwambia baada ya LPN, hata RN, mlango wa mafaili atautumia akiwa juu, kupitia CDI.

Wa pili ni mama wa makamo, alikuwa tabibu kwa miaka kumi na nne kabla hajaja huku, sasa anapanga dawa kwenye nyumba ya wazee na goti moja limekataa ngazi. Huyo nimempa CCS bila kusita. Tumekubaliana miezi tisa ya kusoma, hataacha kazi, na Jumapili jioni anakuja kwangu tunapitia faili moja la mfano. Wiki iliyopita alisoma kesi ya sepsisi akaniuliza, kabla sijafungua mdomo, "Figo zimetokana na nini? Daktari hajasema." Amechukua kitabu changu cha ICD cha mwaka jana cha kufanyia mazoezi. Nimemwonya asiingie nacho kwenye mtihani, misimbo hubadilika kila tarehe 1 Oktoba.